Kila Kitoweo na Shahidi Wake

Hotuba kwa wazazi, mama lishe na wachuuzi wa vyakula, Ngamiani, Tanga

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wetu wa dini, wazee wa mtaa, mama lishe na baba lishe, wachuuzi wa samaki mlioacha meza zenu asubuhi hii mkaja kukaa kwenye viti vya plastiki, itifaki imezingatiwa. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Na wote kwa jumla, habari za asubuhi.

Barua ya mwaliko imeniomba niseme juu ya lishe bora. Nikiifuata ile barua nitawachorea sahani, hapa wanga, hapa mboga, hapa tunda, mtapiga makofi, kisha mtarudi nyumbani kupika kilekile mlichokuwa mmepanga kupika. Kwa hiyo mtanisamehe, nimeamua kusema jingine. Nataka tuzungumze juu ya ule muda mfupi unapokuwa umesimama mbele ya meza ya mtu, iwe Mgandini, iwe Makorora, iwe pale soko la samaki la Deep Sea mnada ukiwa umepamba moto, elfu tano mkononi, unajiuliza kimoyomoyo: hiki nikiamini?

Kila mtu ana jibu lake. Yuko anayesema, mimi nanunua kwa fulani tu, miaka yote hajaniuzia kibovu. Yuko anayesema, kisicho na alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, hakiingii kwangu. Yuko anayeapa kwamba cha kienyeji, kilichotoka shamba, hakina neno. Na yuko anayesema bismillah, akala. (Kicheko.) Msicheke, huyo wa mwisho ndiye mwenye wafuasi wengi.

Nimekuwa bibi afya katika mkoa huu mpaka serikali iliponiambia nikapumzike, na majibu yote hayo nimeyasikia kwa watu waliolazwa. Kila jibu lina ukweli wake, ila linafaa kwa chakula fulani na halifai kwa kingine. Hatari ya samaki si hatari ya mahindi. Nyingine inaonekana kwa macho, nyingine kwa pua, nyingine kwa kipimo cha maabara peke yake, na nyingine anaijua aliyekuwepo tu. Hivyo kabla hujauliza kama muuzaji ni mtu mwema, uliza: hatari ya kitu hiki ni ipi, na nani alikuwa mahali pa kuiona? Huyo ndiye shahidi wako. Shahidi ambaye hakuwepo siku ya tukio, hata awe mcha Mungu wa namna gani, hakimu hana la kumsikiliza.

Nianze na samaki, maana tuko Tanga, na nikianza na kabichi mtaniona nimeteremka Lushoto jana. (Kicheko.)

Samaki anamheshimu mlaji, kwa sababu anajitolea ushahidi mwenyewe. Macho yamejaa na yanang'aa, ama yamezama na kuingia ukungu. Matamvua ni mekundu, ama yamegeuka rangi ya kahawia. Ukimbonyeza mgongoni, nyama inarudi; ikibaki na shimo, huyo ana habari ndefu. Haya mama zangu mnayajua kuliko mimi, na mchuuzi akiona umeshika matamvua, bei inaanza kushuka yenyewe.

Wenye umri wangu mnakumbuka samaki wa baruti. Kulikuwa na miaka mtu ukikaa Raskazone unakunywa chai yako unasikia mlio kutoka baharini, na hakuna anayeinua kichwa. Sheria ilikataza jambo hilo tangu 1970, lakini milio iliendelea. Bomu moja linaua mkubwa na mdogo na mayai, linavunja matumbawe yaliyokua kwa miaka mingi, na samaki wengi waliokufa wanazama, hata aliyewaua hawapati. Sasa nani alikuwa anamtambua samaki wa baruti? Alikuwa mama mkaangaji. Akimpasua anakuta damu imevilia tumboni, kibofu cha hewa kimepasuka, uti wa mgongo umevunjika, nyama laini kama ya samaki wa siku tatu hali ametoka majini leo. Akimtia kwenye karai anamumunyuka. Ushahidi ulikuwepo, wazi kabisa, ndani ya samaki mwenyewe. Na bado akanunuliwa, kwa sababu alikuwa rahisi.

Nalisema hilo mapema makusudi. Maneno mengi juu ya chakula salama yanachukulia kwamba mnunuzi hajui. Mara nyingi anajua. Anajua, na mfukoni ana elfu tatu, na watoto wanatoka shule saa nane. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, yule samaki wa kale, ilitangazwa mwaka 2009 kuanzia upande wa Pangani kuja huku kwetu, lakini milio ilikuja kupungua sana baada ya ule msako wa kuanzia 2016, vyombo vya dola vilipoungana kufuatilia mpaka baruti zenyewe zinakotoka. Macho ya mkaangaji peke yake yasingeweza kuyamaliza mambo yale. Shahidi anasema, halafu lazima awepo mtu wa kuchukua hatua.

Lakini yuko samaki mmoja ambaye ushahidi wake una kasoro, na hapa nawasemesha wachuuzi. Jodari, na ndugu zake vibua na nguru. Hawa wakikaa juani, hata kwa saa chache, nyama yao inatengeneza kitu kinachoitwa histamini. Mla samaki anahisi midomo inawasha, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, wengine wanaharisha. Akifika zahanati anasema nina mzio wa samaki. Hana mzio wowote; samaki alikaa kwenye dau bila barafu. Na histamini ikishaingia haitoki. Haitoki kwa kukaanga, haitoki kwa ndimu, haitoki kwa kuungua mpaka awe mkaa. Hata barafu anayokuja kuwekewa sokoni saa tano haiondoi cha saa moja. Barafu inazuia, haifufui.

Kwa jodari, basi, shahidi wako ni yule aliyekuwa chomboni. Muulize mchuuzi samaki huyu ametoka chombo gani, na chombo hicho kinatoka na barafu? Kipimo kinachofaa kwa joto letu ni kilo ya barafu kwa kilo ya samaki. Mchuuzi asiyejua jibu hana kosa la jinai, ila kwa jodari hana ushahidi wa kukupa, basi kwake nunua samaki wa aina ya changu. Nami ningetamani wachuuzi wa Deep Sea waanze kutamba kwa barafu kama wanavyotamba kwa ukubwa wa samaki.

Sasa mahindi. Naomba wale wa nyuma wanaonong'ona wanipe masikio kidogo, maana hili ndilo hasa lililonitoa nyumbani.

Mwaka 2016, kati ya Juni na Novemba, wilaya za Chemba na Kondoa mkoani Dodoma na Kiteto mkoani Manyara zilipata wagonjwa waliowachanganya waganga: macho ya njano, tumbo kujaa, kutapika. Wakahesabiwa wagonjwa 68. Kati yao 20 wakafariki. Uchunguzi ukaenda mpaka kwenye akiba za chakula za hizo kaya, ukakuta mahindi yana sumukuvu. Kiteto haiko mbali, ndugu zangu. Imepakana na Kilindi yetu, na mahindi hayaulizi mpaka wa mkoa yakishapakiwa kwenye fuso.

Na angalieni jambo moja. Familia zile hazikuuziwa na tapeli. Zilikula mahindi waliyoyalima, waliyoyavuna, waliyoyahifadhi wenyewe. Kama kujua chakula kimetoka wapi kungetosha, wale wangekuwa salama kuliko sisi sote wa mjini tunaonunua kwa kupima.

Sumukuvu ni sumu ya kuvu. Kuvu huyo anaingia mahindi yangali shambani, hasa mvua ikikata mapema na wadudu wakitoboa magunzi. Anaendelea pale unapoanika chini kwenye udongo, anastawi ukiweka gunia lina unyevu. Sumu yake haina harufu, haina ladha, na unaweza kuwa na hindi jeupe safi lenye sumu ndani. Moto wa ugali hauiondoi. Ukila nyingi kwa mara moja, yanakuwa yale ya Kiteto. Ukila kidogo kidogo miaka na miaka, inakula ini, na mwenye homa ya ini aina ya B ana hatari kubwa zaidi ya kupata saratani. Jicho lako hapa ni shahidi dhaifu, pua haikuwepo kabisa, na yule muuzaji wako wa miaka yote, Mungu ambariki, naye hakuwepo.

Basi tufanye nini, tuache ugali? Wasambaa hawatanielewa, na Wazigua ndio kabisa. (Kicheko.)

Kwanza, kuchambua. Najua ni kazi, na najua mashine ya kusaga ina foleni. Lakini sumukuvu haijagawanyika sawa katika gunia. Sehemu kubwa imo kwenye punje chache zilizovunjika, zilizosinyaa, zilizotobolewa, zilizobadilika rangi. Ukizitoa hizo kabla ya kusaga umepunguza sumu kwa kiasi kikubwa bila senti tano. Na ukizitoa, tafadhali, usimpe kuku. Nitarudi kwa mifugo.

Pili, unyevu. Wakubwa wana mashine ya kupima unyevu. Mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa yasizidi asilimia 13 na kitu kidogo. Wewe huna mashine, ila una chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka vizuri, tia mahindi mpaka robo hivi, tia vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa, acha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi hayo yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15, yarudi juani, tena juu ya turubai. Isipoganda, yamekauka kiasi. Endelea kuyaanika ukiweza. Nimeona wanunuzi wa jumla wakifanya hivyo na muuzaji akitoka jasho.

Tatu, na hapa nitagombana na maafisa lishe wenzangu waliokaa mbele. Tumewaambia watu kuleni dona, dona ina virutubisho. Ni kweli. Lakini sumukuvu inajikusanya zaidi kwenye kiini na kwenye ganda la hindi, yaani palepale kwenye virutubisho. Ukikoboa, unatupa vitamini na unatupa sehemu kubwa ya sumu. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: dona ya mahindi niliyoyachambua mwenyewe, naila kwa furaha. Dona iliyosagwa na mtu nisiyemjua kutoka gunia nisiloliona, naiacha pale, nachukua sembe, virutubisho nitavifuata kwenye mchicha na maharage. Mnaweza kunipinga wakati wa maswali.

Na ule unga wa lishe wa watoto, nauonea wasiwasi kuliko vyote. Mama anataka mtoto anenepe, anapeleka mashineni mahindi, karanga, soya, ulezi, mchele, dagaa, vyote kwa pamoja. Mahindi na karanga ndiyo mazao mawili yanayoongoza kwa sumukuvu, na tunayatia kwenye bakuli la mtoto wa miezi saba, asubuhi na jioni. Kila unachoongeza kinataka shahidi wake. Uji wa ulezi peke yake, ukanunua karanga zako kando, ukachambua moja moja, zile zilizokunjamana na zenye weusi ukatupa, ukasaga kidogo kidogo, ni bora kuliko mchanganyiko wa vitu sita usiojua kimoja kimetoka wapi.

Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyohiyo ya sumukuvu. Siku chache baadaye wakafungua kwa masharti, likiwemo cheti kwamba sumukuvu haizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Wengi walikasirika, wakasema ni vita ya biashara. Labda ilikuwepo na biashara ndani yake, sikatai. Mimi nilijiuliza swali la jikoni: yale mahindi ambayo hayakufaa kuvuka mpaka, yatakwenda kuliwa na nani?

Turudi kwa mifugo, hasa ng'ombe. Mahindi mabovu hatutupi. Tunasema, haya tuwape mifugo. Ng'ombe akila pumba yenye sumukuvu, sehemu ya sumu inatoka kwenye maziwa, imebadilika umbo kidogo, na kuchemsha hakuiui. Mkoa wetu ni mkoa wa maziwa. Tangu ule mradi wa ng'ombe wa maziwa ulioanza miaka ya 1980 kwa msaada wa Waholanzi, mpaka vyama vya ushirika vya wafugaji na kiwanda cha miaka ya 1990, watu wa Tanga wamesomesha watoto kwa ng'ombe mmoja wa uani. Kwenye kituo cha kukusanyia, maziwa yanapimwa: spiriti inaonyesha kama yameanza kuharibika, laktomita inaonyesha kama yametiwa maji, kwa sababu kwenye maziwa yaliyoongezwa maji inazama zaidi. Huo ni ushahidi mzuri. Lakini laktomita haijui ng'ombe alikula nini jana, wala haijui kama ana brusela.

Brusela ni hiyo homa inayokuja na kuondoka, jasho usiku, viungo vinauma, mtu anatibiwa malaria miezi mitatu. Dawa yake ni sufuria: chemsha. Yule kijana wa baiskeli anayekupitishia maziwa mlangoni, unaweza kumwamini kwa maji, kwa sababu siku akiongeza utaona kwenye chai. Kwa brusela usimwamini, na si kwamba ni mwongo. Hana namna ya kujua. Na mtindi wa maziwa ambayo hayakuchemshwa, ule uchachu wake usikupe imani.

Nyama nitapita haraka. Ule muhuri kwenye paja la ng'ombe una maana kwamba mkaguzi alimwona mnyama akiwa hai na akamwona akiwa ametundikwa, akaangalia ini, mapafu na misuli. Mchinjaji naye ni shahidi wa dhabihu. Wawili hao kila mmoja ana neno lake, na mwenye bucha hana lolote kati ya hayo. Yeye anajua tu nyama imetundikwa tangu lini. Nyama inayoletwa kwenye ndoo usiku kwa sababu kuna harusi na bei ni nusu, haina hata mmoja. Ng'ombe aliyejifia anaweza kuwa na kimeta. Misahafu ilishakataza mzoga kabla ya sisi mabibi afya kuzaliwa, kwa hiyo hapo sina jipya.

Mayai, aya moja. Kiini cha njano iliyokolea hakithibitishi kwamba kuku ni wa kienyeji. Kinathibitisha alikula nini, na rangi inaweza kuwekwa kwenye chakula cha kuku. Kuku wa kisasa swali lake ni dawa: alipewa lini mara ya mwisho, na mfugaji alisubiri siku zilizoandikwa kwenye pakiti kabla ya kuuza? Hilo analijua mfugaji peke yake. Nyanya hali kadhalika: ukiona unga mweupe umeganda, ni dawa ya ukungu. Osha kwa maji yanayotiririka, menya ikiwezekana, na ukipata mkulima aliye radhi kukuambia alipiga dawa siku gani, mshike.

Sasa niseme neno kwa wale wa cha asili.

Ng'ambo ya bahari hapa, Pemba, wengi wenu mna ndugu. Novemba 2021 watu saba walifariki baada ya kula nyama ya kasa. Machi 2024, Kisiwa Panza, wakafariki tena tisa: watoto wanane na mtu mzima mmoja. Kasa hakupigwa dawa. Hakupita kiwandani. Alitoka baharini, akavuliwa na mtu anayejulikana, akapikwa na jirani, akagawiwa kwa upendo. Sumu anaipata huko majini katika vyakula vyake, inadhaniwa kwenye miani fulani, inakaa mwilini mwake, yeye haimdhuru, na moto hauiondoi. Siku kumi unakula, hakuna lolote. Siku ya kumi na moja ni misiba. Jana yake haishuhudii leo yake. Kasa analindwa na sheria, nalo ni jambo jema, ila hata asingelindwa mimi nisingemgusa. Bunju, samaki mwenye sumu, mnamjua, kila mtoto wa pwani anafundishwa kumwogopa. Kasa naye tumuweke palepale.

Na kwetu bara kidogo, Muheza na Mkinga, tuna bada, ugali wa muhogo. Siwezi kuisema vibaya bada, nimelelewa nayo, bada na mchuzi wa papa ni chakula cha kumtoa mtu shambani mbio. (Makofi.) Lakini muhogo mchungu una sumu, na wazee wetu waliiondoa kwa kazi: kumenya, kuvundika, kuanika mpaka ukakauka kabisa. Kazi hiyo ndiyo shahidi. Mwaka wa njaa, muhogo unang'olewa leo, unaanikwa siku moja, unasagwa kesho kutwa. Hapo kazi imerukwa. Ukinunua makopa, yale mapande ya muhogo mkavu, sokoni, vunja moja. Lisilovunjika kwa mlio halijakauka. Lenye ukungu mweusi au wa kijani liache, hata kama bibi muuzaji anakuita mwanangu.

Upande wa pili wapo wanaoogopa kila kitu, hasa kilichopita kwenye simu. Mnakumbuka mchele wa plastiki. Sauti zilizunguka, video zikazunguka, mtu anafinyanga tonge la wali, analidundisha sakafuni, anasema mnaona? Wali wowote uliopikwa ukafinyangwa vizuri utadunda, una wanga. Desemba 2016 kule Lagos, Nigeria, forodha walikamata magunia 102, dunia nzima ikasema ndiyo hayo. Maabara yao yakapima: hakuna plastiki. Walichokuta ni vijidudu kupita kiwango. Yaani mchele ulikuwa na hatari ya kweli, ya kawaida, ya uchafu, na hakuna mtu aliyeisambaza hiyo kwenye simu. Uoga nao unataka shahidi.

Alama ya TBS. Kazi ya kusimamia usalama wa chakula ilikuwa chini ya TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa. Tangu 2019 imehamia TBS. Alama ile ina maana kwamba mtu alipima bidhaa, akaangalia mahali inapotengenezwa. Kwa unga, kwa mafuta, kwa maziwa ya pakiti, naithamini sana, kwa sababu inashuhudia yale ambayo mimi na wewe hatuwezi kuyaona. Lakini ina mipaka. Haijui kwamba duka limeanika maziwa juani, wala kwamba kiroba kilifunguliwa kikajazwa unga mwingine. Angalia ushono wa mfuko, angalia tarehe. Zile tarakimu za msimbo mistari zinazoanza na 620 zinaonyesha tu kwamba kampuni iliandikishwa Tanzania. Hazikuambii mahindi yalitoka Handeni au kwingineko, wala hazikuambii kitu juu ya usafi. Nimesikia watu wakizitegemea kama hirizi.

Mwenyekiti ananionyesha saa, namwona.

Nina maombi mawili. Kwa kamati za masoko: kipimo cha unyevu wa nafaka ni kifaa kinachokaa kwenye mkoba. Kila soko likiwa na kimoja, kikae ofisini, mnunuzi yeyote apime kabla ya kulipa, hata kwa ada ndogo. Tunalipa ushuru wa meza kila siku. Sehemu yake iende huko. Wauzaji wema wasiogope, ndio watakaofaidika wa kwanza, kwa sababu leo mahindi yao makavu yanauzwa bei moja na ya jirani yaliyolowa, na yaliyolowa yana uzito zaidi.

Kwa mama lishe, nyinyi ndio mnaolisha mji huu mchana. Mteja wako hawezi kubonyeza samaki aliyekwisha kukaangwa, hawezi kuchambua mahindi yaliyokwisha kuwa ugali. Akikaa kwenye benchi lako amekukabidhi ushahidi wote. Basi andika kwenye kibao, hapo unapoandika wali maharage na ugali samaki, andika na samaki wa leo ametoka chombo gani. Atakayesoma ataanza kuuliza na kwa jirani yako.

Ahsanteni. Tuchukue maswali. Tuanze na yule mama wa vibua pale mlangoni, amenyoosha mkono tangu niliposema barafu, na uso wake hauna dalili ya kunikubalia.